Galaksi mbili kwenye picha moja: zimegongana, au moja iko mbele ya nyingine?

Huenda picha ya aina hii imeshafika kwenye simu yako. Inaonesha magurudumu mawili makubwa ya nuru katikati ya giza, moja limelala juu ya jingine, na chini yake mtu ameandika kwamba galaksi mbili zimegongana. Wakati mwingine inafuatana na sauti ya mtu asiyejitaja jina, akisema galaksi yetu ndiyo inayofuata na kwamba tujiandae.

Mara nyingi picha yenyewe ni ya kweli, imepigwa na darubini kubwa. Yale maelezo yaliyobandikwa chini yake ndiyo ya kuangalia kwa makini. Zipo galaksi zinazogongana kweli. Zipo pia nyingi ambazo ziko mbali kabisa moja na nyingine, ila sisi tunaziangalia kutoka upande ambao moja imesimama mbele ya mwenzake. Makala haya yanaeleza jinsi wataalamu wanavyozitofautisha, na kwa nini hizi za pili, ambazo hazifanyi lolote zaidi ya kukaa kwenye mstari mmoja na sisi, zimeleta faida ambayo mtu asingeitegemea.

Galaksi na umbali wake

Galaksi ni mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, gesi na vumbi, vyote vikishikwa pamoja na nguvu ya uvutano. Jua letu ni nyota moja tu katika galaksi iitwayo Njia Nyeupe, yenye nyota zaidi ya bilioni 100. Ule mkanda mweupe unaokatiza anga usiku usio na mwezi ndiyo galaksi yetu hiyo. Tunaiona kwa ndani, kama mtu aliyesimama katikati ya shamba la mahindi: anaona mabua kila upande, lakini umbo la shamba zima halioni.

Umbali wa huko haupimiki kwa kilomita bila kuchosha. Nuru inakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka mwezini hadi kwetu inatumia sekunde moja na kidogo, na kutoka kwenye Jua dakika 8 na sekunde 20. Umbali ambao nuru inakwenda kwa mwaka mzima ndio unaoitwa mwaka wa nuru, nao ni kama kilomita trilioni 9.5. Galaksi kubwa iliyo jirani nasi, Andromeda, iko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Huyo ni jirani.

Kwa umbali kama huo jicho halina namna ya kujua kipi kiko mbele na kipi nyuma. Aliyekaa ufukweni Bagamoyo akiona ngalawa inapita mbele ya meli haogopi kwamba vitagongana. Anajua ukubwa wa tanga la ngalawa, anajua ukubwa wa meli, na baada ya dakika chache ngalawa imeshapita. Angani msaada huo haupo. Mtu anaweza kuziangalia galaksi mbili tangu utotoni hadi uzee asizione zimesogea hata kidogo. Wala hatuwezi kwenda pembeni tuziangalie kwa upande mwingine. Dunia inapozunguka Jua, kila baada ya miezi sita tunakuwa tumehamia upande wa pili, umbali wa kilomita milioni 300, lakini kwa galaksi hatua hiyo ni sawa na kutosogea kabisa.

Doa lililoonwa kutoka Afrika

Mfano mzuri kuliko yote ni ule unaoitwa NGC 3314, katika kundi la nyota la Hydra. Aliyeuona wa kwanza ni Mwingereza John Herschel, mwaka 1835, na aliuona akiwa Afrika. Alikuwa amehamia Rasi ya Tumaini Jema, karibu na Cape Town, pamoja na familia yake na darubini yake ya futi 20, ili aorodheshe anga la kusini ambalo kutoka Uingereza sehemu yake kubwa haionekani. Alichokiona ni doa moja hafifu. Orodha kuu ya vitu vya angani iliyotolewa mwaka 1888 nayo ililipa doa hilo namba moja tu, na ndiyo maana wataalamu wa leo wamelazimika kuongeza herufi A na B nyuma ya namba hiyo.

Darubini ya angani ya Hubble ndiyo iliyotuonesha jambo hilo waziwazi. Ni galaksi mbili zenye mikono iliyojisokota, moja imekaa mbele ya nyingine karibu katikati kwa katikati. Ukiangalia picha bila kuambiwa kitu, utaapa kwamba zimeingiliana. Lakini ile ya mbele iko umbali wa miaka ya nuru kama milioni 117, na ya nyuma kama milioni 140. Kati yake kuna pengo la miaka ya nuru milioni 23, yaani zaidi ya mara tisa ya umbali uliopo kati yetu na Andromeda. Hazigusani kabisa.

Hebu tuifuate nuru yenyewe, maana hapa kuna jambo ambalo picha haisemi. Nuru ya galaksi ya nyuma iliondoka kwake miaka milioni 140 iliyopita. Wale dinosaria wakubwa ambao mifupa yao ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kuanzia mwaka 1909 na kupelekwa Berlin, waliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Kwa hiyo nuru hii ilianza safari zama zao zikiwa zimepita si muda mrefu, kwa hesabu za miamba. Ikasafiri peke yake miaka milioni 23. Ikafika kwenye galaksi ya mbele, ikapenya katikati ya nyota zake, na sehemu yake ikamezwa na vumbi la humo. Iliyobaki ikaendelea na njia, sasa ikiandamana na nuru ya galaksi ya mbele yenyewe, miaka mingine milioni 117, mpaka zikaingia pamoja kwenye kioo cha Hubble.

Wanajuaje kwamba hazigusani?

Dalili ya kwanza ni umbo. Watu wa pwani wanajua bahari inavyokupwa na kujaa. Sababu kubwa ni mwezi, ambao unavuta upande wa Dunia ulio karibu nao kwa nguvu zaidi kuliko upande wa mbali. Galaksi zinapokaribiana hufanyiana vivyo hivyo, ila kwa kiasi cha kutisha: nyota na gesi huvutwa nje, zikabaki zinaning'inia kama mikia mirefu au daraja kati ya galaksi moja na nyingine. Mwaka 1972 ndugu wawili, Alar na Jüri Toomre, walionesha jambo hili kwa kompyuta za wakati ule, ambazo simu ya bei nafuu ya leo inazishinda kwa mbali. Walipiga hesabu ya galaksi mbili zinazopitana kwa karibu, na kwenye michoro yao ikatokea mikia ileile inayoonekana kwenye galaksi ziitwazo Antennae. Tangu hapo mkia umekuwa ushahidi. Galaksi mbili zikionekana juu ya nyingine, na zote zimetulia, mikono yake haijavurugika, mtaalamu anaanza kushuku kwamba ni suala la mstari tu.

Umbo peke yake halitoshi, kwa sababu galaksi inaweza kuwa imepindishwa na jirani mwingine ambaye hayumo kwenye picha. Dalili yenye nguvu zaidi inatoka kwenye nuru. Basi likikupita barabarani huku likipiga honi, sauti yake hubadilika: likija ni nyembamba, likishapita inakuwa nzito. Nuru nayo ina tabia ya namna hiyo. Galaksi ikiwa inaondoka kwenda mbali nasi, mawimbi ya nuru yake hurefuka na rangi husogea kuelekea wekundu. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Hubble, ambaye darubini ile imepewa jina lake, alionesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyoondoka kwa kasi kubwa zaidi. Kwa hiyo ukipima kasi unapata makadirio ya umbali.

Kwa sisi watu wa redio kuna njia ya kulielewa hili kirahisi. Gesi ya haidrojeni iliyomo ndani ya galaksi hutoa mawimbi ya redio yenyewe, bila mtangazaji. Stesheni yake iko kwenye megahezi 1420, juu kabisa ya FM unayoisikiliza, ambayo inaishia 108. Galaksi ikiwa inaondoka kwa kasi, stesheni hiyo hushuka kwenye mita. Galaksi ya mbele katika NGC 3314 inaondoka kwa kilomita kama 2,850 kwa sekunde, hivyo utaipata karibu na 1407. Ya nyuma inaondoka kwa kilomita kama 4,650 kwa sekunde, hivyo utaipata karibu na 1399. Kwa jicho ziko mahali pamoja. Kwa redio ni stesheni mbili tofauti: unazungusha kitufe unapata moja, unazungusha kidogo unapata ya pili, wala hazichanganyiki. Darubini ya redio ya MeerKAT iliyoko Northern Cape, Afrika Kusini, yenye madishi 64, ni mojawapo ya zinazofanya kazi ya kuchora gesi za galaksi kwa njia hii.

Ugomvi juu ya galaksi tano

Mambo hayakuwa mepesi hivyo siku zote, na kuna watu waliopoteza mengi katika ubishi huu.

Mwaka 1877 Mfaransa Édouard Stephan, akiwa Marseille, aliona galaksi zilizosongamana mahali pamoja. Zikaja kujulikana kama Stephan's Quintet, yaani tano za Stephan. Kila aliyezitazama aliona familia moja. Kisha mwaka 1961 mke na mume, Margaret na Geoffrey Burbidge, wakapima kasi zake. Nne zilikuwa zinaondoka kwa kilomita karibu 6,000 kwa sekunde au zaidi. Ya tano, NGC 7320, ilikuwa inakwenda kilomita kama 800 tu.

Maelezo ya kawaida ni kwamba hiyo ya tano si ya familia: iko karibu nasi zaidi, imekaa tu mbele ya nyingine. Lakini Halton Arp, mwanaastronomia wa Marekani aliyekuwa amekusanya picha za galaksi 338 zenye maumbo ya ajabu na kuzichapisha mwaka 1966, hakukubali. Aliona tano hizo ziko pamoja kweli. Kama ni hivyo, alisema, basi kasi haituambii umbali, na hesabu zote za ukubwa wa ulimwengu zimejengwa kwenye mchanga. Aliendelea kutafuta mifano mingine ya vitu vilivyoonekana kugusana huku kasi zake zikipishana sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alinyimwa muda kwenye darubini kubwa alizozoea kuzitumia kule California, akahamia Ujerumani na kuendelea na kazi huko. Alifariki mwaka 2013 bila kubadili msimamo.

Arp alikosea kuhusu NGC 7320. Hata hivyo kumfungia mlango hakukuwa jibu la hoja yake. Jibu lilitoka kwenye picha bora zaidi. Ukisimama kijijini ukaangalia kilima kilicho karibu, unaweza kuhesabu miti. Kilima cha nyuma yake ni rangi ya buluu tu. Hubble ilipoziangalia galaksi tano, katika NGC 7320 iliweza kuona nyota mojamoja. Katika zile nne nyingine nyota zilibaki kuwa ukungu wa nuru. NGC 7320 iko umbali wa miaka ya nuru kama milioni 40, na nyingine kama milioni 290.

Kinachofanya picha hiyo iwe ya kufundishia ni kwamba zile nne za nyuma zinasumbuana kweli. Moja yake inawaingilia wenzake kwa kasi ya kilomita mamia kwa sekunde, na gesi iliyo katikati imepata mshtuko na kuwaka. Darubini mpya ya James Webb ilipotoa picha zake za kwanza Julai 2022, galaksi hizi tano zilikuwa miongoni mwake, na picha hiyo ikasambaa dunia nzima. Ndani yake mna mgongano wa kweli na mgongano wa macho tu, ubavu kwa ubavu.

Kumulika vumbi kama yai

Sasa faida. Mfugaji wa kuku anapotaka kujua kama yai lina kifaranga huliweka mbele ya tochi gizani. Tochi haimvutii. Anachotaka kuona ni kile kinachozuia nuru yake. Galaksi mbili zilizopangana hufanya kazi hiyohiyo: ya nyuma ndiyo tochi, ya mbele ndiyo yai, na kinachotafutwa ni vumbi.

Vumbi la angani ni chembe ndogo mno, ndogo kama za moshi, zinazotoka kwenye nyota zinazozeeka na nyota zinazolipuka. Bila vumbi hilo kusingekuwa na sayari yenye mwamba wala udongo. Lakini kwa anayepima nyota ni kero, kwa sababu linameza nuru, na linameza ya buluu zaidi kuliko nyekundu. Umeshaona jambo hili mwenyewe msimu wa kuchoma mashamba, Jua la jioni linapogeuka jekundu nyuma ya moshi.

Tatizo ni kwamba ukiitazama galaksi moja peke yake hujui kama pale penye weusi pana vumbi au ni kwamba nyota zenyewe hazipo. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana. Wengine walisema galaksi ni angavu, nuru inapita. Mwaka 1990 Mholanzi Edwin Valentijn alitoa hoja kwamba galaksi zenye mikono huficha nuru nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Hili halikuwa jambo dogo. Kama vumbi lilikuwa limeficha nuru nyingi, basi hesabu za nyota zilizomo kwenye galaksi zilikuwa na kasoro kubwa.

Mwaka 1992 Raymond White na William Keel wa University of Alabama, Marekani, walitumia galaksi zilizopangana kulipima jambo lenyewe moja kwa moja. Njia yao inaeleweka kwa yeyote. Galaksi nyingi upande mmoja hufanana na wa pili. Chukua galaksi ya nyuma: nusu yake iko wazi, nusu imefunikwa na ya mbele. Nusu iliyo wazi inakuambia ni nuru kiasi gani ingetakiwa kutoka kwenye nusu iliyofunikwa. Iliyopungua ndiyo iliyomezwa. Walichokuta wao na waliowafuata ni kwamba pande zote mbili za ubishi zilikuwa na sehemu ya ukweli: kwenye mikono ya galaksi vumbi ni zito na nuru kidogo tu hupenya, lakini kati ya mkono na mkono nuru inapita vizuri.

Kuna picha nyingine iliyowashangaza. Hubble ilikuwa inaangalia galaksi NGC 253, ambayo iligunduliwa mwaka 1783 na Caroline Herschel, shangazi yake John tuliyemtaja. Mbali nyuma yake, kwa bahati tu, zikaonekana galaksi mbili ndogo, moja mbele ya nyingine. Katika ile ya mbele, michirizi myeusi ya vumbi ilitoka nje kabisa ya eneo lenye nyota. Bila tochi ya nyuma, asingejua mtu kwamba vumbi lile lipo. Galaksi, kumbe, zinaweza kuwa pana kuliko nuru yake inavyotuonesha.

Hili linagusa mpaka hesabu za ulimwengu mzima. Mwaka 1998 vikundi viwili vya wataalamu vilitangaza kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka, kazi iliyopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Walitumia nyota zinazolipuka kama taa za kupimia umbali: inayoonekana hafifu iko mbali. Lakini taa inaweza pia kuwa hafifu kwa sababu ya vumbi lililo mbele yake. Kujua vumbi limekaa wapi na linameza kiasi gani ni sehemu ya kuhakikisha kipimo hicho.

Waliozitafuta ni watu wa kawaida

Kupata galaksi mbili zilizopangana vizuri ni bahati nasibu, na zamani zilizojulikana zilikuwa chache. Julai 2007 ulianzishwa mradi wa Galaxy Zoo, ambao uliweka karibu picha milioni moja za galaksi kwenye intaneti na kumwomba yeyote aliye tayari aseme anaona umbo gani. Mwaka wa kwanza walijitokeza watu zaidi ya 150,000, wakatoa majibu zaidi ya milioni 50. Hawakuhitaji shahada. Jicho la binadamu lilikuwa na uwezo kuliko kompyuta za wakati huo katika kazi ya kutambua kitu kisicho cha kawaida.

Keel akawaomba watu hao wamwekee alama kila walipoona galaksi moja mbele ya nyingine. Mwaka 2013 orodha ilichapishwa ikiwa na jozi 1,990. Miradi ya namna hii bado ipo na haitozi ada, ingawa maelezo yake mengi ni ya Kiingereza, na picha hula bando.

Mojawapo ya jozi alizozichunguza Keel baadaye inaitwa VV 191, na James Webb ilitoa picha yake Oktoba 2022. Ya nyuma ni galaksi ya umbo la yai, laini isiyo na mabaka, yaani tochi safi. Ya mbele ina mikono, na vumbi lake linaonekana kama mchoro wa mkaa. Cha kuchekesha ni jina. VV ni kifupi cha jina la Mrusi Vorontsov-Velyaminov, ambaye mwaka 1959 alitoa kitabu cha picha za galaksi zinazosumbuana. Hizi mbili aliziweka humo kama zilizogombana, lakini picha ya Webb inazionesha zimetulia, kila moja na umbo lake.

Vipi kuhusu ile sauti ya "tujiandae"?

Andromeda na Njia Nyeupe zinakaribiana, hilo ni kweli. Zamani ilisemwa kwamba kugongana ni lazima. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025 ukapunguza: uwezekano ni kama nusu kwa nusu, tena ndani ya miaka bilioni 10 ijayo. Jua lenyewe litakuwa limezeeka na kuiunguza Dunia kabla ya muda huo kwisha. Na hata galaksi zinapogongana kweli, nyota zake karibu hazigongani kamwe. Kama Jua lingekuwa chungwa kwenye soko la Dodoma, nyota ya jirani ingekuwa chungwa jingine huko Khartoum, Sudan.

Unaweza kuona mwenyewe

Galaksi zilizopangana zinahitaji darubini kubwa, lakini udanganyifu wenyewe wa macho uko juu ya paa lako. Mwezi wa Juni, saa mbili usiku, tazama kusini. Utaona nyota mbili kali zilizo karibu, zinazoelekeza kwenye Msalaba wa Kusini. Mmoja wa mapacha hao, Alfa Sentauri, yuko umbali wa miaka ya nuru 4.4. Mwenzake, Beta Sentauri, yuko karibu mara 90 ya umbali huo, na bado jicho linakuambia wamekaa pamoja.

Katikati ya Novemba, kuanzia saa tatu usiku, kama mvua za vuli hazijafunga anga na hakuna mwezi, subiri macho yazoee giza, zima simu. Kaskazini, karibu katikati ya upeo na utosi, tafuta doa refu hafifu: hiyo ni Andromeda. Kisha geuka kusini. Chini kidogo utaona kipande kama cha wingu kisichosogea, ambacho ni Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo iliyo umbali wa miaka ya nuru kama 200,000. Pembeni yake kabisa, kama imebandikwa, kuna nyota yenye ukungu. Hiyo si nyota moja. Ni kundi la mamia ya maelfu ya nyota liitwalo 47 Tucanae, na halihusiani na hilo wingu. Limo ndani ya galaksi yetu, umbali wa miaka ya nuru kama 15,000 tu.